Mtaro wa Nduma

Mwanamke akiolewa kutoka Kianjokoma akaletwa chini ya Mitunguu, jambo la kwanza analofundishwa si majina ya mbuzi wala njia ya kanisani. Anafundishwa kunawa uso kwa maji ya kiganja kimoja. Wamuyu alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, Ciakuthii, siku zile za mwanzo za ndoa yake, naye wifi yake Gatakaa amesimama mlangoni akicheka kimyakimya.

Kwao Wamuyu, huko Embu ya juu karibu na msitu, maji yalipita nyuma ya jikoni usiku na mchana, na mtu alimwaga beseni zima bila hata kulitazama. Basi naye alimwaga. Aliosha sahani, akafungua mlango wa nyuma, akayarusha maji uani kama alivyozoea. Ciakuthii hakumgombeza. Alitoka na kitambaa, akapiga magoti, akakikandamiza kitambaa pale palipoloa, kisha akaenda kukikamua juu ya mche wa sukuma wiki. Yalitoka matone ya kuhesabika. Alipoinuka akasema kwa upole kabisa, "Hapa kwetu maji hayalali kabla hayajafanya kazi mbili."

Gatakaa aliisambaza hadithi hiyo kijiji kizima, na kwa muda mrefu Wamuyu akaitwa mtu wa Kianjokoma, jina ambalo huku chini lina maana ya mtu anayechezea riziki.

Lakini alijifunza. Maji ya kuosha mboga yaliosha sufuria, kisha yakaenda kwa mbuzi au kwenye gunia la sukuma. Maji ya kuoga yalishuka juu ya jiwe bapa na kufuata kijifereji hadi kwenye mpapai. Ya sabuni ya kufulia yalipelekwa kwenye migomba, kwa maana mgomba haujali. Hakuna mche uliomwagiliwa jua likiwa juu. Hakuna udongo ulioachwa uchi. Majani makavu ya mgomba yalitandazwa kila mahali kama blanketi, na chini yake mtu akichimbua kwa kidole alikuta ubaridi hata mwezi wa Septemba. Miaka ikapita. Riungu, mume wa Wamuyu, akafariki. Susan, binti yao, akamaliza shule na kupata kazi ya saluni Embu mjini. Wakabaki wajane wawili katika boma moja, mkwe na mama mkwe, na watu waliopita barabarani waliona kibustani cha kijani katikati ya vumbi wakauliza hawa wanawake wanatoa wapi maji. Hawakuwa wanayatoa popote. Walikuwa hawayapotezi.

Fahari ya Ciakuthii ilikuwa mtaro wa nduma. Nduma, yaani magimbi, ni mmea wa mtoni; huku chini hakuna mwenye akili timamu anayeipanda mbali na mto. Yeye alichimba mtaro uliofika magotini, sambamba na ukuta wa chumba chake, akatandika nailoni nzito ndani ili maji yasizame, akarudisha udongo na samadi, akapanda mbegu aliyoletewa na mama yake mzazi kutoka juu mlimani mwaka alioolewa. Haikuwahi kununuliwa mbegu nyingine. Kila ilipovunwa, vichwa vilirudishwa udongoni. Ilikuwa ile ile, mwili ule ule, tangu bibi arusi hadi bibi kizee. Watu walipoomba chipukizi aliwapa, na nduma hizo zikafa mikononi mwao msimu wa kwanza wa jua, maana walitaka nduma bila kutaka adhabu yake.

Kisha Ciakuthii akaanguka kwenye matuta ya ngazi ya shamba akavunjika nyonga. Mfupa uliungwa lakini haukukubali. Akarudi nyumbani kulala, kitanda chake kikaegemezwa kwenye ukuta wa mbao, upande ule ule wa mtaro, kwa sababu alisema anataka kusikia majani yakigongana. Mwili wake mwingine wote ulikuwa mzima. Macho yalikuwa makali, ulimi ulikuwa mkali kuliko macho. Daktari alisema mama huyu akitunzwa anaweza kuishi miaka.

Mvua ya Oktoba haikuja. Ya Machi ilipiga bati jioni moja ikaondoka. Oktoba nyingine ikapita hivyo hivyo. Mto ulipungua hadi mradi wa maji ukafunga laini za chini, na boma la Wamuyu lilikuwa mwisho kabisa wa bomba. Ikabidi ateremke mtoni, achimbe mchangani pamoja na wanawake wengine, angoje kishimo kijae, achote kwa kikombe, apande kilima na mtungi mgongoni, kamba ikikata paji la uso. Safari moja ilikula asubuhi yote. Mtungi mmoja ulikuwa wa watu wawili, mbuzi wawili, na bustani.

Alipiga moyo konde akachagua. Sukuma za kwenye magunia aliziacha zikauke. Mpapai ulidondosha majani. Kwa nduma alisema moyoni, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, akaacha kuupa mtaro hata kikombe.

Nduma hazikukauka.

Mwanzoni alidhani ni umande. Kisha akadhani ni nailoni, kwamba mama mkwe wake alijua alichokifanya kuliko watu wote wa kilimo. Wiki baada ya wiki migomba ya majirani ilivunjika viuno, nyasi zikawa jivu, na pale ukutani majani mapana ya nduma yalisimama mabichi, yamejaa, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Si zote, lakini zile za katikati, mkabala na kitanda. Wamuyu alizitazama akaogopa kwa furaha. Alikuwa mtu wa kusoma Neno kila jioni, na alikijua kile chungu cha unga cha mjane wa Sarepta ambacho hakikupunguka wakati wa njaa. Mjane. Ukame. Chakula kisichoisha. Alisoma mistari ile akiwa amepiga magoti, machozi yakamtoka.

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema kwa kifupi, kwani hakuwa msemaji: kwamba ameacha kumwagilia, na kwamba Mungu anamwagilia. Kanisa lilipiga makofi. Mchungaji alishika neno hilo akalihubiri hadi saa saba. Baada ya ibada watu wakaja na viatu vyao vya Jumapili kuziona nduma, wakagusa majani, wakaimba pale pale ukutani.  Wamuyu alipoingia kumwambia watu wamekuja kuona muujiza, kikongwe aligeuza uso.

"Waambie wasikanyage ukingo wa mtaro," akasema.

Aliyeharibu muujiza alikuwa Igoki, jirani wa ng'ambo ya barabara, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mnene mwenye mzaha mwingi. Alipita kumpima Ciakuthii presha kama kawaida yake, akamtania kwamba yeye ndiye msichana pekee kijijini anayelala hadi mchana bila kusemwa. Ciakuthii akamjibu kwamba afadhali kulala kuliko kuzunguka boma za watu kutafuta chai. Wakacheka. Kisha Igoki akamfinya ngozi ya nyuma ya mkono, kidogo tu, akaachia.

Ngozi ilibaki imesimama. Ilikaa vile, kama mkunjo wa kitambaa.

Igoki hakutania tena. Alitazama midomo, akatazama ulimi, akauliza kuhusu haja ndogo. Nje, mbele ya jiko, alimshika Wamuyu kiwiko akamuuliza mama anapewa maji kiasi gani. Wamuyu akamwambia: kikombe asubuhi kabla ya kwenda mtoni, kikombe mchana, kikombe jioni, na uji. Vikombe vikubwa vile vya bati. Alivipunguza vyake mwenyewe ili hivyo visipungue. Alikuta vimekuwa vitupu kila mara.

"Mama Susan," Igoki akasema, "mimi sibishani na wewe, nakujua huwezi kusema uongo. Lakini mwili ule haujapata maji. Unakauka kama muhogo juani. Ukiendelea hivi utamzika kabla ya mvua."

Igoki aliacha pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, akaenda zake akitikisa kichwa.

 Wamuyu akazunguka nyumba, akaenda mtaroni, akainama. Aliondoa majani makavu yaliyofunika udongo chini ya ukuta. Udongo ulikuwa mweusi, umeloa. Akainua macho. Katikati ya mbao mbili za ukuta, usawa wa kitanda, palikuwa na ufa wa upana wa vidole viwili, na chini ya ufa huo ubao ulikuwa na michirizi ya unyevu, mirefu, iliyozoeleka, kama njia ya machozi kwenye uso wenye vumbi.

Aliiweka mikono yote miwili pale kwenye michirizi. Alikumbuka watu wakiimba mahali hapo hapo. 

Alipoingia ndani hakuwa na la kuficha, wala mwenzake hakuficha. Ciakuthii alikuwa amesikia majani yakiondolewa. Alianza yeye.

"Sasa umejua. Usilie. Anayelia anapoteza maji."

Wamuyu aliketi kwenye kigoda. Aliuliza kwa nini.

"Kwa nini nini? Wewe unateremka mtoni unapanda na mtungi kama punda, unanipa mimi kikombe kizima. Nakifanyia nini? Ukininywesha mimi umemwagilia gogo. Ukiimwagilia nduma, utakula. Gatakaa ana mume wake na biashara yake ya chai huko Kangeta. Susan yuko mjini. Mimi nikiondoka wewe utabaki na nini? Utabaki na hiyo mbegu. Ikifa hiyo, hapa hutabaki, utarudi kwenu kwenye maji."

"Wewe si gogo, mama."

"Basi niambie kazi ninayofanya."

Wamuyu alitafuta jibu. Alilitafuta kwa dhati, akapitia siku zake zote na yule mama, na kila alichokipata kilikuwa cha zamani. Alipochelewa, Ciakuthii akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira, kama mtu aliyekwisha kuipiga hesabu hiyo peke yake zamani.

Tangu siku hiyo vita vilianza, vita vya kimya, vya kikombe kimoja. Wamuyu alikaa kando ya kitanda hadi amwone akimeza. Ciakuthii alimeza funda, akaweka jingine shavuni, akangoja. Mtu hawezi kukaa kutwa nzima akimtazama mwenzake mdomo. Maji yenyewe yapo mtoni, na asipokwenda hakuna cha kunywesha. Alipogeuka tu, funda la shavuni lilipita ufani. Alimsomea Neno kwamba mwili ni hekalu. Ciakuthii akasema hekalu la mbao zilizooza hubomolewa watu wakapata kuni. Alimbembeleza kama mtoto, akamnyamazia kama mkosaji, akalala na njaa mbele yake makusudi. Siku moja alimshika taya. Alilishika kwa nguvu, akalazimisha kikombe, na maji yakamwagika shingoni mwa kikongwe, na wote wawili wakayatazama yakipotea kwenye blanketi kwa huzuni ile ile moja. Hakurudia tena.

Aliuziba ufa. Alikanda udongo na samadi, akajaza pengo lote kutoka nje, akaacha jua liukaushe. Kwa muda ilionekana amefaulu. Vikombe vilirudi vitupu, ubao wa ukuta ulikauka, na Ciakuthii hakulalamika. Wamuyu alimwogesha kwa kitambaa jioni kama kawaida, akachukua beseni, akaenda kulimwaga. Nduma za katikati zilikuwa zimeanza kulegea na yeye hakuwa na moyo wa kumwaga maji hayo penginepo. Mkono wenyewe ulikwenda mtaroni, kwa mazoea ya miaka mingi ya kutopoteza maji.

Ilikuwa jioni ya Alhamisi, anarudi kutoka mkutano wa akina mama kanisani, alipolishika beseni aliloliacha kando ya kitanda baada ya kumwogesha na kuona lilivyo zito. Alilitazama ndani. Maji ya kumfuta mgonjwa huwa kikombe kimoja na nusu, tena yenye rangi. Haya yalikuwa yamejaa hadi katikati na yalikuwa meupe. Aliyaonja. Yalikuwa na chumvi na sukari, ile dawa ya Igoki.

Alielewa basi. Kikongwe alikuwa akiyamimina maji yake ya kunywa kwenye beseni, na yeye, Wamuyu, ndiye aliyekuwa akiyabeba kwa mikono yake miwili hadi kwenye nduma. Hakuna aliyemwagilia mtaro ule isipokuwa yeye. Mama mkwe wake alikuwa amempa kazi na yeye akaifanya vizuri.

Alikaa na jambo hilo usiku mzima bila kuomba, kwa mara ya kwanza tangu Riungu afe. Angeweza kumpigia Gatakaa simu. Angeweza kumwita mchungaji. Lakini alikumbuka mzee mmoja wa kijiji cha pili aliyejitoa uhai, jinsi jeneza lilivyobaki nje ya kanisa na watu wakatupia udongo haraka bila wimbo. Kama angesema kwamba Ciakuthii anakataa maji kwa kusudi, neno hilo lingemfuata kikongwe hadi kaburini. Hakuweza kusema. Akabaki na jambo moja tu la kufanya, na alilijua tangu alipoyaonja yale maji, naye alikuwa akilizunguka kama mtu anayezunguka nyoka njiani.

Asubuhi hakwenda mtoni. Alichukua jembe na panga, akazunguka nyumba.

Jembe la kwanza liliposhuka, Ciakuthii aliuliza kutoka ndani ni nani.  Jembe la pili likang'oa shina zima, na sauti ya mizizi ikikatika inajulikana na kila mtu aliyewahi kulima, haihitaji kuelezwa. Kitanda kililia. Kikongwe alikuwa akijaribu kugeukia ukuta.

"Wamuyu," akaita.

Hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Tangu arusi alikuwa mwali wangu, kisha Mama Susan. Wamuyu aliendelea. Aling'oa za pembeni zilizokuwa nusu kufa, akang'oa zile za katikati zilizonona. Alikata viazi vyake, vidogo kama ngumi ya mtoto, akaweka kwenye karai, maana chakula ni chakula. Lakini vichwa, ile sehemu ambayo mtu huirudisha udongoni ili maisha yaendelee, alivikata vipande vipande kwa panga, akawatupia mbuzi. Chipukizi zilizojificha pembeni alizitafuta kwa vidole, moja moja, hata zile ndogo kama ukucha. Alijijua. Angeacha moja, angeulizwa, na asingeweza kusema uongo. Kwa hiyo hakuacha. Mwishoni akaishika nailoni, ya miaka mingi, ngumu, imeshikamana na udongo, akaivuta nje na kuipasua katikati.



Aliingia na mikono yenye matope. Ciakuthii alikuwa amefaulu kujigeuza. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, paji likigusa ubao.

"Umeacha hata moja?"

"Sijaacha."

"Hata chipukizi?"

"Hata chipukizi, mama. Na nailoni nimeipasua. Ukimwaga maji pale sasa yanazama tu. Hayaendi popote."

Kikongwe hakumwambia aape. Alimjua. Alilala vile muda, mgongo wake mwembamba ukipanda na kushuka, na Wamuyu akasimama katikati ya chumba akisikia mbuzi nje wakitafuna. Alitaka kusema mengi. Kwamba angalia, kazi yako ndiyo hii, kunifanya niamke asubuhi kwa sababu kuna mtu wa kuamkia. Jibu lilikuwa limemjia sasa, limechelewa, akiwa na panga mkononi, na hakulisema.

"Lete maji," Ciakuthii akasema kwa ukuta.

Alimletea. Kikongwe akanywa kikombe chote bila kupumzika, funda kwa funda, shingo ikicheza. Hakuwa na namna. Yule mama aliyekamua kitambaa juu ya mche hakuweza kumwaga maji mahali ambapo hayana kazi. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kuishi. Wamuyu alilijua hilo, na ndilo alilolitumia. Alipokipokea kikombe, mikono yao haikugusana.

Gatakaa alifika kutoka Kangeta wiki iliyofuata na mkate na chupa za maji ya dukani. Aliona mtaro kabla ya kumwona mama yake. Akaja jikoni bila hata kusalimia, akauliza nani ameng'oa mbegu ya bibi yake mzaa mama. Wamuyu akasema ni yeye. Gatakaa akauliza sababu. Wamuyu akasema zilikuwa zinakula maji.

Hapo wifi yake akamwaga yote aliyokuwa ameyaweka akiba miaka hiyo. Kwamba mtu wa Kianjokoma ni mtu wa Kianjokoma hata umlishe ndizi za huku miaka ishirini. Kwamba Mungu alimpa muujiza mbele ya kanisa zima akautupia mbuzi. Kwamba anangoja mama afe auze shamba akaolewe tena. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na mbao za chumba cha Ciakuthii hazikuwa nene. Wamuyu aliendelea kuchambua maharagwe. Alingoja, si kwa wifi yake. Alingoja sauti kutoka chumbani, neno moja tu la kusema mwache, ana sababu. Hakuna neno lililotoka. Gatakaa akachoka, akaingia kwa mama yake, akafunga mlango, na kilichosikika baadaye ni kilio cha binti na ukimya wa mama.

Kanisani nako habari zilitangulia. Watu hawakumfukuza, hawakumtukana. Waliacha tu nafasi kidogo kwenye benchi. Mchungaji alimwita ofisini akamwuliza kwa upole kama kuna jambo linalomsumbua akilini, kwa sababu mtu hang'oi alichobariki Bwana. Wamuyu alisema aliyosema kanisani hayakuwa kweli. Kwamba nduma zilikuwa zikipata maji na yeye hakujua. Akaulizwa zilikuwa zikiyapata wapi. Akatazama mikono yake. Akasema hawezi kusema. Mchungaji akaandika kitu kichwani mwake, ilionekana machoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kutoa ushuhuda.

Igoki peke yake ndiye aliyekuja, akafinya ngozi ya kikongwe ile ile ya nyuma ya mkono, akaiona ikirudi mahali pake. Alimtazama Ciakuthii, akamtazama Wamuyu, akatazama nje kupitia mlango wazi, mahali palipokuwa na mtaro. Akili yake haikuwa mbovu.  Alipoondoka alimshika Wamuyu bega, akalibonyeza, akaenda.

Viazi vya nduma vilikwisha. Sasa wanakula muthere, mahindi ya msaada yaliyochemshwa na maharagwe, maharagwe machache kuliko mahindi, na mboga hakuna. Anga ni jeupe. Mtoni vishimo vimekuwa virefu hivi kwamba anayechota huonekana kisogo tu, na wanawake hupokezana zamu bila maneno mengi. Wamuyu huteremka, hungoja, hupanda. Kamba imemwachia alama kwenye paji isiyotoka hata akipaka mafuta. Hana bustani ya kupelekea maji ya kuoga. Huyamwaga chini ya mpapai mkavu, kwa sababu mkono umekataa kuyamwaga uani.

Ciakuthii yu hai. Sauti yake imerudi na nguvu. Gatakaa akipiga simu huzungumza naye, na Susan naye, hata hucheka kidogo. Igoki akija humtukana kama zamani. Ni kwa Wamuyu tu ambapo hana neno. Si la ukali, si la upole. Humwachia mwili wake aogeshwe, hufungua mdomo alishwe, hutazama pembeni.

Mchana Wamuyu hufika kutoka mtoni, huweka mtungi chini, na kabla hata ya kufungua kamba humiminia mgonjwa kikombe chake, akampelekea, akasimama mlangoni. Haketi tena kando ya kitanda. Ciakuthii hujiinua kwa kiwiko na kunywa maji yote. Kisha hunyoosha mkono wake mkavu hewani, akakipindua kikombe juu chini, akakishika hivyo mpaka mkwe wake akione kwamba hakidondoshi kitu. Wamuyu huitikia kwa kichwa. Ndipo kikongwe hukiweka kikombe sakafuni na kugeukia ukuta.